Vidonge Ndani ya Maharage

Kwa miezi saba mama yangu alikunywa dawa zake za presha na sukari siku moja na kupumzika siku inayofuata, kwa sababu siku inayofuata ilikuwa zamu ya wifi yake. Mama anaishi Kitura, juu kwenye kahawa. Wifi yake, ambaye ni shangazi yangu, dada wa marehemu baba, anaishi karibu na Mbamba Bay, chini kabisa ziwani. Mwenye kadi ya kliniki alikuwa mmoja na dawa zilikuwa za mtu mmoja. Wanywaji walikuwa wawili, nao walipokezana bila kukosa zamu hata moja, kwa uaminifu ambao daktari yeyote angeutamani kwa wagonjwa wake.

Niliwafuma kwa bahati tu. Inabidi nianze nyuma kidogo.

Mama alianza kliniki miaka mitatu iliyopita, baada ya kupata kizunguzungu wakati wa kuchuma kahawa. Alipimwa, akaambiwa ana presha na sukari, akapewa kadi na dawa za aina mbili: vidogo vya pinki vya presha, kimoja kila asubuhi, na vikubwa vyeupe vya sukari, kimoja asubuhi na kimoja jioni baada ya chakula. Alivitia kwenye kopo la zamani la kakao, akaliweka kopo juu ya kabati, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Kila wiki nne, Jumanne, alipanda bodaboda kuja Mbinga mjini akiwa amevaa kitenge cha kanisani, akapimwa, akapokea dawa, kisha akaja kwangu kula chakula cha mchana na kunisomea majibu. Aliyasoma kama mtoto anayesoma matokeo ya mtihani. Miaka miwili ya kwanza alifaulu kila mara.

Mvua za mwaka jana zilipoanza, akaanza kufeli. Presha ilipanda, sukari ikaifuata. Daktari, kijana mpole anayemwita mama bibi, alimuuliza kama anakunywa dawa. Mama akajibu kwamba anakunywa na hajaruka hata siku moja. Sasa najua hakudanganya. Hakuwahi kuruka siku yake.

Daktari akaongeza maelekezo, akapunguza chumvi, akasubiri. Mwezi wa saba akaniita ndani mimi mwenyewe. Alisema kwamba kwa vipimo vile kiharusi hakipigi hodi, na kwamba mtu wa umri wa mama hafai tena kulala peke yake mlimani, mbali na hospitali. Alitoa mwezi mmoja. Kama hakuna mabadiliko, mama ahamie kwangu mjini.

Tulitoka pale kwa miguu. Tulipopita soko mama akauliza dirisha la chumba changu cha wageni linaangalia wapi. Nikamwambia linaangalia ukuta wa jirani.

"Basi nitakuwa naangalia ukuta," alisema, "na ukuta unaniangalia mimi."

Ilibidi mtu amjue ili aelewe uzito wa maneno hayo. Mama bado analima ngolo, yale mashimo ya mraba yanayofunika miteremko yetu kama sega la nyuki. Vijana wanamchimbia, lakini kupanga majani, ile kulaza nyasi zikatane ndipo udongo ufunike juu, hakumwachia mtu. Anasema vijana wa siku hizi wanalaza majani kama wanaotandika kitanda cha gesti. Kahawa iliyo mbele ya nyumba aliipanda na baba mwaka walipooana. Kumtoa pale na kumkalisha mbele ya ukuta, hata ukuta wa binti yake, ilikuwa ni kumaliza kazi ambayo presha ilikuwa imeianza. Yeye alijua hivyo na mimi nilijua hivyo.

Kwa hiyo nilinunua daftari. Nikaandika kila anachokula, kila anachokunywa, saa ya kulala, na kipimo cha presha kila Jumamosi kwa mashine niliyoazima. Mshukiwa wangu wa kwanza alikuwa samaki.

Hapa inabidi nieleze mfuko. Tangu shangazi aolewe ziwani, kuna mfuko unaopanda na kushuka kati ya nyumba zile mbili. Unashuka na maharage, pengine unga wa mahindi, pengine kahawa iliyokaangwa. Unapanda na usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani, na bahati ikiwepo, samaki mkubwa, mbasa, aliyebanikwa. Mfuko haurudi mtupu, na chochote kinachoingia katika nyumba moja kinakatwa katikati. Kaka yangu alipomnunulia mama mablanketi mawili, moja lilishuka ziwani. Kina mama wa kanisa la shangazi walipompa mabeseni mawili, moja lilipanda juu ya basi likiwa limejaa samaki. Tukiwa watoto tuliamini kwamba Mungu aliumba vitu viwili viwili ili kimoja kipelekwe kwa shangazi.

Nikawahukumu usipa kwa sababu ya chumvi. Mama aliumia, lakini akatii. Akawa anawaloweka kwenye maji ya moto na kumwaga maji mara mbili, akinung'unika kwamba sasa anakula vijiti. Presha haikujali. Jumamosi hii ilishuka kidogo, ijayo ikapanda, bila mpangilio ninaoweza kuusoma.

Wakati huohuo shangazi alinipigia simu kulalamika. Tangu mvua zianze tumbo lake lilikuwa linamsumbua, linanguruma na kumkimbiza uani, na yeye hakuwa na shaka na sababu: maharage ya huko juu yamebadilika. Nilipomfikishia mama malalamiko hayo, alikasirika kwa niaba ya maharage. Alisema tumbo la mtu aliyelelewa milimani likikaa miaka arobaini kwenye samaki na muhogo huwa linasahau adabu. Lakini alipokuwa akisema hivyo aliliangalia kopo la kakao. Niliandika hilo kwenye daftari na sikulielewa.

Wiki ya tatu ya mwezi ule, kondakta anayebeba mfuko wetu kila mara alikuwa amesafiri. Mimi nilikuwa na siku mbili za mapumziko, nikasema nitaupeleka mwenyewe na kumsalimia shangazi. Mama akasema hakuna haraka, tumsubiri kondakta. Nikasema naenda. Akasema kondakta amezoea kuufunga vizuri. Nikasema hata mimi ninajua kufunga mfuko.

"Basi usiufungue njiani," alisema mwishoni. "Yakiingia hewa yanaharibika."

Nimekula maharage ya nyumba ile zaidi ya miaka arobaini. Sijawahi kusikia maharage yanayoogopa hewa.

Barabara ya kwenda Mbamba Bay siku hizi ni lami, na unapoteremka masikio yanaziba, halafu ziwa linatokea chini yako kabla hujalitegemea. Nilifika mchana. Shangazi ni mrefu, mweusi sana, na huanza kucheka kabla hajafika mwisho wa utani wake mwenyewe. Nilimwamkia, akaitikia, akauchukua mfuko mkononi mwangu kabla sijakaa, akaingia nao ndani. Nikamfuata. Nilitaka kuyaona maharage yanayoshitakiwa. Nikachukua ungo ukutani na kuyamwaga mimi mwenyewe, na katikati yakatoka mafundo mawili ya kitambaa, kipande cha kitenge cha mama ninachokifahamu.

Shangazi akaweka kiganja juu yake.

"Hizo ni mbegu," alisema.

"Zinaota nini, shangazi?"

Akafikiri kidogo. Mabega yakaanza kutikisika kabla hajajibu. "Mpaka sasa zimeota tumbo la kuuma tu."

Nilifungua mafundo. Vidogo vya pinki kumi na viwili. Vikubwa vyeupe ishirini na vinne.

Alinieleza yote akiwa anachagua maharage, bila aibu, kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika. Kizunguzungu kilimpata shambani akiwa anang'oa muhogo. Jumapili moja wauguzi waliopita kanisani kwao walimpima, wakamwambia presha iko juu na aende zahanati bila kuchelewa. Zahanati ilikuwa karibu. Paa lake niliweza kuliona kutoka mlangoni. Lakini mganga anayewafunga watu mkono na kuwapima presha pale ni mkwe wake, mume wa binti yake wa mwisho.

"Nimkunjulie mkwe wangu mkono mpaka hapa?" Alinionyesha juu ya kiwiko. "Halafu aniulize usiku naamka mara ngapi kukojoa?"

Mama mkwe wa kwetu huacha njia akimwona mkwe anakuja. Hawezi kumpa mkono aupime. Kwa hiyo alimpigia simu wifi yake, akaeleza dalili. Mama akasikiliza, akasema dalili ni zilezile zake, kwa hiyo ugonjwa ni uleule, kwa hiyo dawa ni zilezile. Na kama dawa hazitoshi watu wawili, kuna ngokela.

Ngokela ni kazi ya pamoja ya Wamatengo. Leo tunalima kwako sote, kesho tunalima kwangu, na mwisho wa msimu mashamba yote yamelimwa ingawa hakuna aliyelimiwa kila siku. Wote wawili walikua wakilima hivyo, na hawakuona kwa nini presha isilimwe vilevile. Mama alichukua Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Shangazi alichukua Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Siku ya zamu unakunywa kamili, asubuhi na jioni, kama kadi inavyosema.

"Na Jumapili?" niliuliza.

"Jumapili ni ya Bwana," alisema shangazi. "Wakatoliki na Waanglikana tumekubaliana hapo."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye alishaanza kucheka zamani. Tulipotulia nilimwambia ninachokijua, na si kingi, kwamba dawa si shamba, kwamba ukinywa nusu hupati nusu ya nafuu. Alinisikiliza kwa heshima, lakini niliona haniamini sana. Halafu nikamwambia alichosema daktari: kwamba mwezi ukiisha hivi, mama anahamia mjini.

Mkono wake uliokuwa ukichagua maharage ukasimama.

"Hakuniambia habari ya kuhama," alisema.

Akainuka, akatoa koti zito chini ya kitanda, koti ambalo huvaliwa na mtu wa ziwani anapokwenda Mbinga tu, akalitundika mlangoni likaribie safari. Akampigia mama simu. Hakumwamkia wala kumuuliza hali. Alisema maneno mawili: "Wifi, tumekamatwa." Nilisikia sauti ya mama upande wa pili ikiuliza kama mbegu zimefika salama.

Jumanne iliyofuata nilikuwa na wote wawili kwenye benchi la kliniki, mmoja katika kitenge cha kanisani na mwingine ndani ya koti lililomfanya atoke jasho. Mama alimweleza daktari mwenyewe. Hakuomba radhi; alieleza utaratibu, siku kwa siku, pamoja na makubaliano ya Jumapili. Daktari aliweka kalamu mezani. Muuguzi alisema amesahau kitu nje, akatoka, na kupitia dirishani niliona mgongo wake ukitikisika.

Kisha wakampima shangazi. Presha ilikuwa juu kweli. Sukari ikapimwa mara mbili, maana matokeo ya kwanza yaliwashangaza, na mara ya pili yakawa yaleyale. Hana sukari kabisa. Kwa miezi saba alikuwa amekunywa vidonge vikubwa vya ugonjwa ambao hana, na daktari akasema, kwa upole, kwamba vidonge hivyo vinafahamika kwa kuvuruga tumbo kwa baadhi ya watu.

Mama aligeuka taratibu kumwangalia wifi yake.

"Miezi saba unayasingizia maharage yangu," alisema.

Shangazi akajaribu kujitetea kwamba hata maharage nayo yana lawama zake zinazojulikana duniani kote. Mama hakukubali. Alitaka maharage yaombwe radhi. Na shangazi yangu, mwanamke wa umri ule, mbele ya foleni nzima ya wagonjwa wa sukari na presha, aliyaomba radhi maharage ya Kitura kwa sauti ya kusikika. Mzee mmoja mwenye fimbo alipokea radhi hiyo kwa niaba ya maharage yote ya wilaya.

Daktari alisubiri wamalize. Halafu akawaeleza kwa lugha yao. Alisema ngokela inafaa kwa shamba kwa sababu magugu yanaweza kungoja hadi kesho. Presha haingoji; siku usiyolima wewe, yenyewe inalima. Mama aliitikia kwa kichwa kwa namna anayoitikia akisikia mahubiri mazuri. Shangazi akapewa kadi yake na vidonge vyake, vya pinki tu. Daktari alipomwambia kwamba mwezi ujao anaweza kuchukulia dawa zahanati ya jirani, mawifi hao wawili waliangaliana, na mama ndiye aliyemweleza habari ya mkwe. Kijana yule hakucheka. Alisema yeye mwenyewe ana mama mkwe. Akaandika kwenye kadi ya shangazi Jumanne ileile ya mama.

Mama alipewa mwezi mwingine wa kungojewa. Jumanne ya kliniki iliyofuatia presha ilikuwa imeshuka, na sukari pia. Daktari aliandika, akafunga kadi, akasema bibi anaweza kuendelea kuishi kwake, ila binti ahesabu vidonge kila mwezi. Mama aliuliza kama ruhusa hiyo inaanza leo au kesho. Alipoambiwa leo, hakuja kwangu kula. Alipanda bodaboda moja kwa moja mpaka Kitura, kwa sababu majani ya ngolo yalikuwa yamekwisha kukatwa na aliwaona vijana akilini mwake wakiyalaza vibaya. Jioni alinipigia simu kuthibitisha kwamba walikuwa wameyalaza vibaya.

Tangu hapo Jumanne ya kliniki imekuwa sikukuu yetu. Shangazi anapanda Jumatatu na koti lake na samaki wake. Mama anateremka jioni ileile na maharage na kopo lake la vidonge. Wanalala kwangu, chumba cha dirisha la ukuta, na usiku nasikia ukuta ukitaniwa. Asubuhi wanakwenda kushindana vipimo. Aliyepata presha nzuri zaidi anabebewa mkoba na mwenzake mpaka stendi. Mfuko bado unapanda na kushuka. Nimeruhusiwa kuukagua, kwa sharti kwamba nisiukague nikiwa nimekunja uso kama polisi wa barabarani.

Kuhesabu ni kazi rahisi. Wanapewa vidonge thelathini vya presha kila mara, na kliniki ni kila baada ya wiki nne, kwa hiyo kila mzunguko vinazidi viwili. Mzunguko wa kwanza nilikuta viwili kwenye kopo la mama. Wa pili nikakuta vinne. Leo ni Jumatatu ya mwisho wa mzunguko wa tatu, na vilitakiwa vibaki sita.

Nimekuta viwili.

Nilihesabu tena juu ya sahani. Vikubwa vya sukari vimetimia vyote; kwa hilo inaonekana amejifunza. Vya pinki havijatimia. Nikarudi kwenye lile daftari langu, mahali nilipoandika kumi na viwili. Kumi na viwili vya shangazi na kumi na viwili vya mama ni ishirini na vinne. Siku ile, kwa kicheko, sikuuliza vile vinne vya Jumapili na viwili vya ziada vilikuwa vinakwenda wapi. Nilidhani vinabaki kwenye kopo. Lakini mwezi ule tulipokwenda kliniki kopo lilikuwa tupu.

Shangazi yuko sebuleni. Nilimuuliza, akaanza kucheka kabla sijamaliza swali, lakini alinionyesha kopo lake na vidonge vyake vimetimia. Nikaenda jikoni. Mama alikuwa anakoroga maharage na mgongo wake ulikuwa kwangu. Nilimuuliza kama Jumapili amekuwa akipumzika. Akasema anakunywa kila siku, na asiyeamini amuulize Mungu. Nikamwambia asiyekunywa Jumapili vidonge vyake vinazidi, lakini vyake yeye vimepungua.

"Hesabu tena," alisema.

Nimehesabu tena. Kesho saa mbili asubuhi atanyoosha mkono wake mbele ya daktari, na nyumba yake Kitura inategemea kitakachosomwa. Vidonge vinne havipo, tangu kliniki iliyopita zimepita Jumapili nne, na inaonekana Jumapili nayo ina mnywaji wake, wa tatu.